Kinachopuruka Tumboni

Machimboni, Geita
Ijumaa, 4 Juni 1937

Shangazi Mwasiti,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje, na watoto hapo Shinyanga hawajambo? Sisi tu wazima, ila mimi nina hofu.

Mimba hii ya tatu imeingia mwezi wa tano, na unajua zile mbili ziliharibika kabla ya kufika hapa. Tumbo limechomoza, kanga haishiki tena, na mstari mweusi umeshuka kutoka kitovuni. Hayo nayavumilia. Kinachoniogopesha ni kitu kinachopuruka humu ndani, kidogo kidogo, kama dagaa mtungini. Jirani yangu Limi anasema ni chango, mdudu yule yule aliyekula wale wawili. Atanichemshia mizizi ya kumtoa. Nitainywa Ijumaa ijayo mume wangu akiwa kazini, maana Sabiti hataki kusikia habari za dawa.

Nijibu upesi. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu ili asiisome.

Mwanao,
Chausiku

Shinyanga
Jumamosi, 12 Juni 1937

Mwanangu Chausiku,

Marahaba. Mguu achana nao! Barua yako nimeipata leo, na Ijumaa yako ilikuwa jana.

Kama hujainywa, mwaga! Huyo si chango, mjinga wee, ni mtoto! Mwezi wa tano ndipo anapoanza kucheza, kwanza hivyo hivyo kidogo, baadaye mateke. Wale wawili hawakufikia kucheza, ndiyo maana humjui huyu. Mstari huo mimi nimeupata mara saba. Na dawa ya kutoa mdudu haichagui, itamtoa na yeye.

Kama umekwisha kuinywa, niambie, usinifiche. Nitakuja hata kwa kuchechemea.

Shangazi yako,
Mwasiti

Machimboni, Geita
Jumatano, 23 Juni 1937

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukutesa. Barua yako imefika leo. Nimelia, kisha nikacheka peke yangu jikoni.

Ijumaa ile niliegemea ukuta, bakuli la dawa nimeliweka juu ya tumbo, nasubiri ipoe. Nikapigwa kutoka ndani, bakuli likapinduka, dawa yote mapajani! Limi akaligusa tumbo. Kisha akasema, "Mdudu hana kisigino," akaenda kumwaga iliyobaki chunguni.

Tumepona, shangazi, alhamdulillahi. Sabiti siku hizi akirudi kutoka kazini hana hata salamu, anaweka kiganja tumboni na kungoja. Jana alingoja mpaka ugali ukapoa, mtoto akakataa kucheza, naye akaninunia mimi!

Wanao,
Chausiku na mwenzake