Gauni la Mama na Mtindo wa Mishono Nje

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi za kujaza kabati. Hujambo? Goti bado linakusumbua, au umeacha ukaidi ukatumia dawa? Shemeji hajambo? Na bibi harusi wetu? Mimi mzima. Nakula, nalala, cherehani inazunguka.

Najua umesikia kwamba nimekuwa maarufu. Ni kweli, usiwabishie. Vijana wa siku hizi wanataka nguo za enzi zetu: bugaluu za kufagia barabara, kola pana kama masikio ya tembo, makoti yenye mabega. Wanazinunua kwenye mitumba, halafu wananiletea nizibadilishe, kila mmoja ya kwake, isifanane na ya mwenzake. Nani mwingine atawakatia? Mafundi wa leo wanajua kupunguza suruali tu. Mimi bugaluu nimezikata zilipokuwa mpya, na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia nguo. Hata mmoja. Wewe shahidi.

Jina nililipata kwa koti moja la kahawia, la kijana mpiga picha. Alitaka bitana mpya. Nilipomaliza, mishono ya mikono ilikuwa nje na mfuko mmoja umekaa kichwa chini. Binti anayeuza mitumba chumba cha pili alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akasema mzee umeua, hiki ndicho kinachotakiwa mjini. Mwenye koti naye akaligeuzageuza, akaniuliza nimelitoa wapi wazo kama hilo. Nikamwambia fundi haelezi. Wiki iliyofuata walikuwa tisa mlangoni, wote wanataka mishono nje. Wananiita Mzee Kinyume. Sikufurahi, sikukasirika. Niliwashonea.

Sasa gauni la mama, ulilonitumia nimrekebishie mwanao. Maagizo yako niliyashika: nitoe mikono, nishushe shingo ya nyuma, na maua ya kifuani, yale mama aliyoyadarizi mwenyewe, yasiguswe. Nililitandaza mezani saa nne asubuhi, dirisha wazi. Nikapiga chaki, nikashika mkasi, nikakata mara moja, kama ninavyokata siku zote. Niliposhika kipande kilichokatika, vidole vikakuta nyuzi. Nilikuwa nimekata mbele. Mkasi umepita katikati ya maua, nusu iko kwenye gauni na nusu nilikuwa nimeishika.

Sikulia. Nilikaa. Chai ilikuwa imepoa, nikainywa. Baadaye nikakunja kipande nikakiweka kwenye droo ya vifungo, nikamshonea mtu pindo la sketi.

Yule binti ndiye aliyeliona gauni. Akasema Mzee Kinyume hana mpinzani, kukata darizi ya zamani katikati hakuna aliyethubutu. Akakitoa kipande kwenye droo, akakibandika mgongoni kwa pini, akapiga picha akamtumia mwanao. Mwanao akapiga simu hapo hapo. Alisema mjomba umetisha, hakuna bibi harusi atakayekuwa na gauni kama langu. Alikuwa anacheka. Mimi nikaitikia, nikasema unafikiri mjomba wako ni wa kubahatisha? Nikakishona kipande mgongoni kama walivyotaka.

Ndugu yangu, nilikuwa nabahatisha. Macho yamekwisha. La kushoto tangu mwaka juzi, la kulia naona kama kupitia shuka. Koti la kahawia nilikosea, mishono sikuiona. Yote wanayoyasifu ni makosa yangu. Na gauni ningeweza kulipapasa kwanza, maua yangejulikana kwa vidole. Sikupapasa. Nilijiambia fundi hapapasi. Hilo sikumwambia mtu, na huyo binti usimwambie.

Gauni nimelituma leo pamoja na barua hii. Kila anayeliona anasema zuri. Siwezi kuwabishia, kwa sababu silioni. Wao hawamjui mama. Wewe ulilala juu ya maua yale ukiwa mchanga, ukiyavuta kwa vidole mpaka mama akakupiga kikofi. Lifungue ukiwa peke yako, kabla mwanao hajafika. Kama limeharibika, mwambie mjomba wake alikosea, atafute lingine, bado wiki mbili. Kama atalivaa, avae akijua.

Mimi nataka unijibu jambo moja, nimeliharibu au sikuliharibu. Usiniambie habari za mtindo, hizo nimeshasikia. Na usimpe mtu akuandikie, wala usipige kwenye simu ya yule binti. Niandikie mwenyewe nami nitasoma mwenyewe.

Msalimie shemeji, waambie watoto mjomba wao anawakumbuka. Goti lifunge kitambaa cha joto.

Andika kwa herufi kubwa.

Ni mimi kaka yako,
Fundi