Mgeni wa Tovuti Yetu

Jumanne, usiku

Natangaza rasmi kwamba leo tovuti yetu ya sweta imetembelewa na mtu ambaye si mimi wala mke wangu Nekesa.

Ni mama mmoja wa mtaa wa West Indies, hapa hapa mjini. Alinipigia simu. "Nimeona sweta zenu kwa mtandao. Sasa duka liko wapi nije nishike?"

Nikamwambia duka ni hilohilo la mtandao. Akacheka. "Baba, nishike simu ndio nijue kama uzi unawasha?"

Hilo sikulifikiria nilipoachilia kibanda chetu sokoni, nikimwapia Nekesa kwamba siku hizi wateja wako kwa simu. Yeye ndiye hufuma. Rundo la sweta limefika dirishani, na mimi naogopa kulitazama.

Tukapatana tukutane kwa kile kibanda cha zamani, maana anakijua. Nilifika nikihema na mfuko wangu. Alikuwa ameshanunua sweta kwa yule aliyekichukua baada yetu.

"Umechelewa, baba. Hii nimeishika, haiwashi."

Jioni Nekesa aliuliza kama yule mgeni alikuja. Nikasema alikuja, kwa sababu ni kweli.

Nekesa ameanza sweta nyingine.