Mwamba Uliokimbia Wimbo

Jumatatu, 3 Juni
Nimepanda jioni kutoka duarani, shimo letu la dhahabu. Udongo hadi puani. Ugali baridi. Mwamba wenye dhahabu umepotea. Tunagonga jiwe jeupe, tupu. Baba Kulwa, mwenye duara, alikwenda kwa mganga. Karudi na jibu: kuna mtu anaimba kule chini, dhahabu inakimbia. Wote wakanigeukia. Ni kweli. Nachana mistari nikigonga, ili nisisikie magogo yanayoshikilia shimo yanavyolia juu ya kichwa. Amri: nisiimbe popote mpaka mwamba urudi. Nikiimba, nafasi sina, na mgao wangu wa mawe ya miezi yote umekwenda.
Nimejiandikisha mashindano ya rap ya Jumamosi hii, Katoro. Baba Kulwa hajui.

Jumatano, 5 Juni
Nimeshuka kimya. Nilisikia kila gogo.
Nimemkumbuka mjomba. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba akanitoa shule nikachunge ng'ombe wake, Mhunze. Walipokunywa maji lamboni niliwaimba mmoja mmoja, rangi na pembe. Akanichapa. Alisema nikiimba ng'ombe hawanywi. Alama ziko mgongoni mpaka leo. Nilimtoroka nikaja huku. Nimekuta mwingine kama yeye huku huku, anaitwa Baba Kulwa.

Ijumaa, 7 Juni
Wamejua duarani kuhusu mashindano. Masanja, ninayelala naye turubai moja, kanionya. "Mwanangu, ukipanda pale wanakushusha kwa kamba kama kiroba cha mawe." Nikamwuliza kama na yeye yumo. Akazima tochi.
Naogopa. Nimefua shati.

Jumapili, 9 Juni
Nilipanda.
Waandaaji waliegesha malori mawili ya Fuso yakatazamana, mwimbaji juu ya kila moja, wote kwa wakati mmoja. Kama ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi hasimu kwetu Usukumani: watu wakikuhama, umeshindwa. Mpinzani wangu kijana wa Mwanza, miwani myeusi, sauti safi. Watu wote kwake. Mdundo wangu ukakata. Flashi yenye mdundo imekufa. Hapo ndipo nikawaona wenzangu wa duara, vumbi mwilini, Baba Kulwa mbele yao.
"Shuka, kasuku wewe!" akafoka Baba Kulwa.
Nikajua nimekwisha. Sikushuka. Mdomo ukaenda wenyewe kwa ng'ombe wa mjomba. Rangi, pembe, lambo, fimbo. Nusu Kiswahili, nusu Kisukuma. Bila mdundo. Masanja akaja mbio kwenye gari langu. Nikarudi nyuma. Akaanza kugonga ubavu wa Fuso kwa ngumi, mapigo yetu yale yale ya nyundo. Mwingine akamfuata. Wakawa watano. Watu wakaanza kuvuka uwanja. Mwisho hata yule wa miwani alinyamaza, akawa ananitazama. Baba Kulwa alibaki upande wa pili karibu peke yake, mikono kifuani.
Zawadi ni kurekodi wimbo Mwanza. Usiku sikulala. Si kwa furaha.

Jumanne, 11 Juni
Nimefukuzwa. Mgao hakuna. Masanja kanipa soksi zake. Basi la asubuhi, Mwanza.

Jumapili, 20 Oktoba
Mwanza. Jana nimeimba Shinyanga, uwanja umejaa. Ubeti wa lambo waliuimba wao, mimi nikanyamaza. Wimbo uko redioni kila siku. Nina chumba chenye dirisha. Bado nikilala nasikia magogo.
Masanja alipiga simu. Mwamba ulirudi wiki ile ile niliyoondoka. Duara zima linasema ni kwa sababu niliondoka. Sikubishana.
Leo nimempigia mjomba, mara ya kwanza tangu nimtoroke. Shikamoo. Marahaba. Nilitaka kukata. Akasema watoto wanaomchungia siku hizi wanaimba wimbo wangu lamboni kutwa nzima.
Nikamwuliza, na ng'ombe?
Akakohoa.
"Wanakunywa tu."