Eti Mimi Sina Makuu

Shoga uko wapi, mbona hupokei? Haya, nakuandikia nimejifungia chooni kazini.

Bosi kanisifu. MBELE YA MAFUNDI WOTE. Yule yule ambaye salamu yangu huijibu kwa kukohoa!

Eti, "Muigeni huyu dada. Hana makuu, hajikwezi. Ni mtu wa vitendo, si wa maneno. Popote utakapomweka, atashona."

Popote utakapomweka!! Umesikia hapo?

Watu wakapiga makofi, mimi huyo mbio chooni. Unakumbuka Mama Pasi alivyosifiwa? "Mnyenyekevu, mvumilivu," sauti ile ile ya asali. Kesho yake meza yake ya kupigia pasi ikahamishiwa koridoni, karibu na ndoo za deki. Na angelalamika vipi, wakati ameshasifiwa? Angeonekana ana makuu!

Na cherehani yangu unajua ilipo. Dirishani, penye mwanga. Wifi yake bosi, huyu aliyeanza kazi juzi, hapaondolei macho.

Hana makuu! Mimi? Shoga, si unanijua? Ninayo hadi ya kuazimisha!

Ngoja nitoke.

Weee! Kiti changu kimefutwa vumbi. Tangu lini? Na juu yake kuna mto mpya wa maua. Si wangu.

Wifi mtu kasimama pembeni na mkasi wake, ananichekea: "Dada, bosi kasema wewe huna neno."

Nimeukalia mto wake. Laini kweli! Sinyanyuki hapa, waje wanibebe na kiti.