Kondoo wa Kukurudisha

Dada Wangechi,

Binti yako Muthoni yuko hapa nyumbani, Othaya. Alikuja Jumanne, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba hata halifunguki. Nilipomwona akipita kwenye mibuni nilidhani ni wewe. Unanijua, machozi yangu hayangoji ruhusa. Nililia kabla hajafika mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu jana watu wa mumewe walikuja, na walikuja na kondoo wa kuombea msamaha, ili wamrudishe.

Unamkumbuka wa kwako, aliyeletwa na mumeo? Alikuwa mnono, mkia umejaa mafuta, na wazee wakamsifu utadhani ndiye aliyeolewa. Mumeo akaomba msamaha kwa Baba, si kwako. Wewe ulikuwa jikoni ukimenya viazi, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Mama akakwambia, "Vumilia, hata mimi nilivumilia." Tukala. Nilikuwa mdogo, nikalamba vidole, na hadi leo nikikumbuka utamu wa ile nyama naona aibu. Jioni ukamfuata mumeo, Muthoni mgongoni.

Kabla mvua hazijaisha tukaambiwa umeteleza mtoni na debe la maji. Basi tukamzika mtu aliyeteleza! Waliokuosha waliiona shingo yako, wakanyamaza. Majirani walisema mambo ya nyumba ya mtu ni yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru, na sote tulikuwa tukiimba kwamba tuko huru. Muthoni tukamlea sisi, kisha tukamwoza, tukijiambia kwamba huyu kijana ni mpole.

Jana wazee walimfunga kondoo wao uani, wakaketi, wakaanza: "Mzee, kijana alikuwa na hasira kidogo tu. Ni pombe." Nilijua yatakavyokwisha. Nikaanza hata kutafuta kisu cha kumchinjia kondoo, Mungu anisamehe.

Baba akawaambia, "Huyu msichana ako na jina ya mama yao. Kwa hivyo ni bibi yangu. Sasa niambieni, nani amepiga bibi yangu?"

Wakacheka, maana Muthoni amepewa jina la Mama, na kumwita mke wake ni mzaha wa Baba wa siku zote. Yeye hakucheka. Akamwita Muthoni, akamwuliza mbele ya wote kama anataka kurudi. Muthoni akasema hapana. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika.

"Mmesikia," Baba akasema. "Chukueni kondoo yenu mwende."

Waliondoka wakinung'unika kwamba tunaharibu mila. Baba akabaki kwenye kiti chake, chakula akakikataa. Baadaye akaniuliza, "Na Wangechi, ningemuuliza, angesema nini?" Wanasema majuto ni mjukuu. Sikuwahi kuielewa methali hiyo mpaka nilipomwona Baba akimtazama Muthoni akimnyonyesha mtoto wake.

Sasa pumzika. Najua watarudi, pengine na kondoo wawili na mchungaji wa kanisa, na siku moja Baba hatakuwepo wa kuwajibu. Nitakuwepo mimi. Nakuahidi nitamwuliza Muthoni vilevile, mbele ya watu, na atakalosema yeye ndilo litakalokuwa neno la nyumba hii.

Wewe hatukukuuliza. Tusamehe, ukiweza.

Mdogo wako,
Nyambura