Viti Vinavyogeuka

Jumanne, 10 Juni 2025

Kiti cha kwanza kimekamilika. Kimemtupa mama chini.

Hakuumia — alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. Kifua hicho ndicho kilichotupeleka India mwaka jana kwa matibabu. Na huko ndiko nilikoiona ile treni. Ya umeme, Wahindi wameiunda wenyewe. Haina kichwa cha kuivuta. Mota zimefichwa chini ya mabehewa, na chumba cha dereva kiko mbele na nyuma. Ikifika mwisho haigeuzwi. Vinageuzwa viti! Unakanyaga pedali, kiti kinazunguka, abiria anatazama anakokwenda. Mama alilala njia nzima. Mimi nilipiga magoti nikichungulia chini ya kiti.

Baba kakiona changu, kasema kiti ni cha kukalia, si cha kuchezea ngoma. Sawa, Mzee Pastory. Utakikalia.

Jumapili, 15 Juni

Shida ilikuwa kukisimamisha. Sasa nimeweka pini na springi: ukikanyaga pedali pini inachomoka, kiti kikigeuka nusu inaingia yenyewe. Pedali ni za breki za pikipiki kuukuu, beringi vilevile. Wao wana kiwanda. Mimi nina karakana ya mabati hapa Kihanga na umeme wa kukatikakatika. Lakini kinageuka!

Nitavikodisha kwenye sherehe. Ya kwanza ni yangu mwenyewe: Jumamosi ya tarehe 28 wakwe wanakuja kujitambulisha.

Alhamisi, 19 Juni

Novatus, mchumba wangu, kapiga simu kutoka Muleba. Kazunguka maneno weee. Mwishowe kasema: baba yake mkubwa, Mzee Rweyemamu, anauliza nitaacha lini kuchomelea. Mke wa kwao hawezi kunuka chuma. Nikamuuliza, na wewe wasemaje? Eti tuvuke sherehe kwanza, mengine taratibu.

Taratibu gani? Nampenda huyu mtu, na leo nimemkatia simu. Karakana sifungi. Sifungi, sifungi, sifungi.

Ijumaa, 27 Juni

Rangi imekauka. Mama kavijaribu vyote. Mikono inaniuma.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika chumbani, dirishani, nimevaa gomesi, gauni la sherehe. Shangazi Benadeta kasimama mlangoni.

Wageni wamekaa upande wa migomba. Watu wetu wamewaelekea, wameipa nyumba mgongo. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kuwakaribishia wageni, kiko kwa baba, bado hajawapa. Mzee Rweyemamu alisimama. Akasifu kibanja, shamba letu la migomba, akamsifu mama, akanisifu mimi. Kisha akasema mashine za binti ziuzwe kabla ya ndoa, maana kwao moto wa mwanamke ni wa jikoni. Nilisikia kila neno.

Baba alikanyaga pedali. Kiti kikageuka polepole na yeye juu yake, kikapu mapajani, mgongo kwa wageni. Baba mdogo Mugisha naye akageuka. Kisha mama. Kisha upande wetu wote, mmoja baada ya mwingine — sasa wote wanatazama dirisha langu. Baba hacheki. Amejitilia kahawa mdomoni, anatafuna, ananiangalia.

Nalia, na sioni haya.

Mzee Rweyemamu anauliza hii ni adabu ya wapi. Wageni nao wanakanyagakanyaga, hawajui pedali iko wapi. Novatus kasimama katikati ya uwanja. Baba yake mkubwa anamwita, haendi. Huku kwetu pia haji.

Shangazi ananikumbusha kwamba binti hatoki mpaka aitwe. Najua. Ninachotaka kumwambia Novatus ni kifupi: mashine haziuzwi, na leo aseme yeye, si baba yake mkubwa. Nitamwambia mbele ya wote.

Nimemwomba shangazi anipishe. Kanipisha.