Namba ya Mama Kwenye Tovuti ya Breki

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko uliko? Afya yako je, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila baridi ikianza? Unavaa sweta, au bado unajifanya mwanaume wa chuma? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima ila magoti, na magoti yenyewe humuuma zaidi akipata mgeni wa kumsikiliza. Shemeji yako mzima, wapwa zako wazima, na mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitakupa mbele ya safari.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani. Yule dada wa kwenye mashine, anayesema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, nimemzoea mpaka namjibu. Barua hii anakuletea binti wa jirani yetu fundi bomba, anayekuja huko kusoma. Nimempa anwani ya ile nyumba uliyotuandikia mara ya mwisho. Kama umehama basi naongea na ukuta, lakini acha niongee.

Nimekukumbuka. Nalisema mapema, maana nikishaanza porojo nitapitiwa. Kile kiti chako cha karibu na dirisha bado kipo, tunawekea nguo za kupiga pasi. Mtu akitaka kukikalia Mama humwambia kina mguu mbovu. Hakina.

Sasa habari. Huku ni msimu wa kampeni, na mwaka huu wagombea wote wameshikwa na wazimu wa tovuti. Zamani mtu alibandika sura yake ukutani, yakaisha. Siku hizi asiye na tovuti anaonekana hajajiandaa. Unamkumbuka Breki? Yule mwalimu wa udereva aliyekuwa akiwapigia wanafunzi wake kelele za "breki, breki" barabara nzima mpaka jina likamganda? Basi anagombea udiwani, na tovuti yake katengenezewa na mkwe wake, kijana mpole lakini mwenye haraka ya ajabu. Kazi ya wiki mbili kaifanya jioni moja, na inaonekana.

Mimi niliiona kwanza kazini. Bado niko palepale shuleni, karani, na mashine yangu ya kudurufu inayotafuna karatasi. Nikaingia chumba cha walimu kutafuta mhuri, nikawakuta wote wameinamia simu ya mwalimu wa Kiswahili, wanafuta machozi. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni Breki, kapigwa picha ameweka mkono kifuani, na chini yake maandishi makubwa: "Nimekuja kuwatumia wananchi bila kuchoka."

Alitaka kusema kuwatumikia, masikini. Silabi moja imedondoka njiani, na mtu mzima anatuahidi mchana kweupe kwamba atatutumia, tena hatachoka. Mwalimu wa Kiswahili alisema hajawahi kuona mgombea mkweli namna hii, na kwamba kura yake ameipata.

Ukienda kwenye ukurasa wa maisha yake unasoma: "Mimi, WEKA JINA HAPA, nilizaliwa katika familia ya WEKA HAPA, familia yenye upendo." Upendo ndio kitu pekee alichokumbuka kukijaza. Kisha kuna picha ya zahanati atakayotujengea, jengo zuri la vioo, na mbele ya mlango theluji imefika magotini. Jioni nilimwonyesha mume wangu. Akaiangalia akasema, "Hii ni huko kwa shemeji. Hebu tazama dirishani, labda yumo." Tukacheka sana. Halafu yeye akaenda kuoga, na mimi nikabaki naikuza ile picha kwa vidole, dirisha moja baada ya jingine. Usinicheke.

Lakini yote hayo ni mchezo. Balaa lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, pameandikwa "Ongea na mgombea wako moja kwa moja," na namba ya simu. Breki alimtajia mkwe wake namba hiyo akiwa ndani ya gari la matangazo, na spika zinapiga muziki juu ya kichwa chake. Yeye akasema nne, mkwe akasikia nane. Tarakimu ya mwisho. Na unajua mwenyewe ile namba yenye nane mwishoni ni ya nani, maana wewe ndiye uliyemnunulia kabla hujasafiri. Ulirudi hapa umenuna kwa ile foleni ya laini za simu, ukasema Breki alikuwa mbele yako hatua chache anamaliza maneno yote ya muuzaji. Kadi zilikuwa zimepangwa mezani kwa mfuatano, yeye akachukua yake, wewe ukachukua ya Mama. Tangu siku ile Breki na Mama ni majirani wa namba bila wao kujua.

Nikuambie ukweli, simu ya Mama ilikuwa haiiti. Mimi napita hapa kila siku nikitoka kazini, sina sababu ya kumpigia. Rafiki zake ni wa kuitana dirishani. Ile simu ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Mama anaichaji kila asubuhi hata ikiwa imejaa.

Siku ya kwanza nilikuwepo, namenya viazi. Ikaita. Mama alinyanyuka sijui kwa magoti gani, akaikimbilia, akapokea. "Mwanangu?" Sauti ya kiume ikajibu kwa adabu, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa angemjibu mama mtu mzima: "Ndiyo, Mama. Ni mimi mwanao."

Mama akakaa chini, pale pale sakafuni. Akaniashiria nije, machozi yanamtoka, akaniwekea simu katikati ya masikio yetu. Ile sauti haikuwa yako hata kidogo, lakini aliniambia baadaye alidhani baridi ya huko imekubadilisha. Akauliza, "Unakula vizuri, baba?" Yule mtu akajibu, "Tunakula, Mama, tunashukuru. Ila mtaro wa kwetu umeziba, na maji machafu yanaingia mpaka jikoni."

Mama akamuuliza mtaro wa huko huwa unazibuliwa na nani. Nadhani alishaelewa, lakini hakutaka kuelewa upesi. Yule bwana akaendelea kueleza kuhusu mtaro, mtaa na wiki ngapi wamelalamika, na Mama akawa anaitikia tu, "ehe, ehe," mpaka mwisho. Alipokata akanirudishia kisu changu cha viazi, ambacho alikuwa amekikalia.

Baada ya hapo zikaanza kumiminika. Asubuhi, mchana, jioni, watu na taa zao za barabarani, watu na watoto wao wasio na madawati. Na kila ikiita Mama anaacha alichoshika, anapokea kwa neno lile lile: "Mwanangu?" Mtaani ikaenea kwamba Breki ana akili sana, amemweka mama yake mzazi kwenye simu. Mama yake mzazi alikwishafariki, Mungu amrehemu, lakini nani anauliza? Watu walianza kumpenda. Akina mama walipiga kuuliza kuhusu maji wakaishia kuuliza dawa ya kikohozi. Hata mwalimu wa Kiswahili alipiga, wenzake walimchokoza apige kwa mzaha. Alirudi, akaniambia kumbe ana muda mrefu hajaitwa hivyo na mtu. Nami sikumwambia ni mama yangu, nikaenda zangu kudurufu mitihani.

Nilimsihi Mama aizime apumzike. Akaniangalia kama nimetukana. "Na kama inayofuata ni yake?" Nikamrudishia mkononi. Wewe unalo jibu?

Wiki iliyofuata Breki mwenyewe akaja, na mkwe wake nyuma amebeba boksi. Wakakaribishwa, wakakaa. Aliomba radhi vizuri, sina ubaya naye, kisha akaeleza shida yake. Mabango yote yameshachapwa kwa kunakili tovuti, na yote yana namba ya Mama. Kuyachapa upya haiwezekani, kampeni inaisha. Kwa hiyo anaomba Mama amwachie ile laini, na ndani ya boksi kuna simu mpya, kubwa, yenye laini yake mpya. Mkwe akaifungua, ikawaka, nzuri kweli.

Mama akasema, "Asante, Mwalimu. Hii namba simpi mtu."

"Mama yangu, ni namba tu. Tutakuandikia mpya kwa maandishi makubwa, wote wanaokujua watapewa."

"Wote wanaonijua wako mtaa huu. Mwanangu hayuko mtaa huu, na anaijua hii. Siku akipiga akakukuta wewe, utamwambia nini?"

Breki akajaribu kutania, akasema angemwambia arudi nyumbani aje ampigie kura. Mama hakucheka. Akamuuliza tena, taratibu, kama anayetaka kweli kujua: "Utamwambia nini, Mwalimu?" Breki akainamisha kichwa. Kisha akamwambia mkwe wake afunge boksi. Pale mlangoni akanivuta pembeni akaniuliza uko nchi gani na una muda gani hujapiga. Nilimjibu la kwanza, la pili nikajifanya sikulisikia.

Wamesharekebisha tovuti. Sasa anakuja kututumikia, ana jina, na theluji imeondolewa mlangoni pa zahanati. Mabango wameyabandikia vipande vya karatasi vyenye nne juu ya nane, na mvua ikinyesha vinabanduka, kwa hiyo simu za kuokoteza bado zipo. Lakini ile gharika ya simu imekwisha. Nilifikiri Mama atafurahi. Juzi nimemkuta ameipakata simu anaifuta kioo kwa pindo la gauni, nikamuuliza kama anazikosa zile kelele. Akasema, "Walau ilikuwa inaita."

Mdogo wangu, mimi sijui yaliyokukuta. Shemeji yako anasema mtu asiyepiga ni mtu ambaye mambo hayajamnyookea, na mwanaume akiwa hivyo hujificha. Kama ni kazi imekatika, kama ni vibali vimekwisha, kama unaona aibu ya kurudi mikono mitupu, hakuna mtu hapa aliyekutuma mzigo. Nakosa hata ule ujeuri wako. Nakosa kugombana na mtu anayejua nilikuwaje kabla sijawa mke wa mtu na mama wa watu. Wengine wote hapa wananijua nusu.

Kifungua mimba wangu anakusalimu, sauti yake imekuwa nzito, juzi aliniita kutoka uani nikageuka nikidhani ni wewe. Kitinda mimba naye anakusalimu ingawa anakujua kwa picha tu, na anasisitiza kwamba mjomba ni mrefu kuliko mlango. Shangazi anakusalimu na anasema ukija usipite kwake kwa nyuma kama mwizi, ana maneno yako mengi. Fundi bomba na mkewe wanakusalimu, na binti yao akikukuta mkaribishe, ni mgeni huko na hana mtu.

Limebaki moja, na ndilo lililonikalisha leo. Mama amebadilika anavyopokea simu. Amechoka kunyanyuka na kukaa. Siku hizi hasemi tena "Mwanangu?" Anabonyeza, na kabla hajasikia sauti ya mtu yeyote anasema, "Umekosea namba." Halafu husubiri kidogo, kidogo tu, ndipo anakata.

Kwa hiyo ukipiga ukasikia hivyo, hujakosea. Usikate. Wala usimwambie "ni mimi mwanao," wameshalisema wengi mno. Mtajie lile jina alilokuwa akikuitia ulipokuwa hutaki kuoga. Hilo hakuna mpiga kura anayelijua. Litaje upesi, kabla hajaondoa simu sikioni.

Mungu akufunike huko ulipo, akulainishie njia, na akurudishe tukiwa bado tupo wote wa kukupokea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza.